Charles Dickens: Karani aliyeipandisha korti kizimbani

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la korti tangu saa mbili asubuhi, ukingoja faili ya familia yenu iitwe, kisha ukaambiwa kesi itatajwa tena baada ya miezi minne, basi kuna jamaa mmoja ambaye angekuelewa bila wewe kumaliza sentensi. Alikufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, hakuwahi kukanyaga Kenya, na jina lake ni Charles Dickens.

Najua unachofikiria. Dickens si ni yule wa vitabu vinene? Yule aliyemwandika Oliver Twist, mtoto aliyeomba aongezewe uji? Au yule wa Scrooge, mzee bahili ambaye filamu zake hurudi kwenye runinga kila Krismasi? Ndiye huyo huyo. Lakini kabla ya umaarufu wote huo alikuwa karani wa mawakili, halafu ripota wa kortini, halafu ripota wa Bunge. Na maisha yake yote alishikilia swali moja: mbona sheria, ambayo kazi yake ni kumlinda mwananchi, inaendeshwa kwa namna ambayo mwananchi haelewi kitu? Na asipoelewa, nani anatia chapaa mfukoni?

Ebu leo tumfuate huyo Dickens wa kortini.

Deni la mkate

Alizaliwa Februari 7, 1812, mjini Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mtoto wa pili kati ya wanane. Babake, John, alikuwa karani katika ofisi iliyolipa mishahara ya jeshi la wanamaji. Mshahara haukuwa mbaya. Shida ni kwamba mzee alikuwa mkono wazi. Alipenda wageni, alipenda maisha ya juu, na alikopa bila kupiga hesabu ya kulipa. Familia ilipohamia London mwaka 1822, madeni yaliwafuata huko huko.

Februari 1824, mwokaji mikate aliyekuwa akimdai pauni 40 hivi alichoka kungoja. John akakamatwa na kupelekwa Marshalsea, jela ya wadaiwa iliyokuwa Southwark, ng'ambo ya mto Thames.

Hapo simama kidogo. John hakuwa ameiba wala kumpiga mtu. Sheria ya wakati huo ilimruhusu anayekudai akufungie mpaka umlipe. Wengi waliofungwa hawakuweza kufanya kazi wakiwa ndani, kwa hivyo pesa za kulipa deni zingetoka wapi? Na bado humo ndani kulikuwa na ada za kulipa. Ilikuwa kama kumfunga ng'ombe kamba shingoni, kisha kumlaumu kwa kutokula nyasi.

Mama na watoto wadogo walihamia jela na baba kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda. Charles, aliyekuwa na miaka 12, alikuwa ameshapelekwa kibarua. Kilikuwa kiwanda cha Warren, jengo bovu lililojaa panya kando ya Thames. Kazi yake ilikuwa kufunika na kubandika lebo vyombo vya rangi nyeusi ya viatu, hii ambayo sisi tunaiita kiwi. Saa 10 kwa siku, shilingi 6 kwa wiki. Alilala kwenye chumba cha kupanga, na Jumapili alikwenda Marshalsea kuwaona wazazi.

Kuna siku moja ya kipindi hicho ambayo hakuisahau. Babake alikuwa ameomba kutolewa chini ya sheria ya waliofilisika. Sheria hiyo ilisema nguo na vitu vidogo vya nyumbani ambavyo mdaiwa angebaki navyo visizidi thamani ya pauni 20. Hata nguo alizovaa Charles zilihesabiwa humo. Basi mtoto akapewa ruhusa ya nusu siku kazini, akaenda kwa mthamini wa serikali akaguliwe. Mfukoni alikuwa na saa ya fedha aliyopewa na nyanyake, na njia nzima alikuwa na wasiwasi: je, kama saa hii itavusha hesabu ya pauni 20, baba atabaki jela? Mthamini alitoka nje akiwa bado anatafuna chakula, ananuka pombe, akamtupia jicho, akasema inatosha. Mambo yakaisha hapo.

Huo ndio mkutano wake wa kwanza na sheria. Mtu mzima, mdomo umejaa chakula, anaamua hatima ya familia kwa kumwangalia mtoto koti lake.

John aliachiliwa mwishoni mwa Mei 1824. Lakini Charles hakutolewa kiwandani mara moja, na siku ya kutoka ilipofika mamake alitaka arudi, maana shilingi 6 zilikuwa shilingi 6. Ni baba aliyekata shauri arudi shuleni. Charles alibeba uchungu wa kauli hiyo ya mama mpaka uzeeni.

Kijana wa kutumwa

Mei 1827, akiwa na miaka 15, shule iliisha tena kwa sababu ya pesa. Akapata kazi ya karani mdogo katika ofisi ya mawakili Ellis na Blackmore, eneo la Gray's Inn.

Ili uelewe alichokiona huko, jua kwamba mawakili wa Uingereza wamegawanyika makundi mawili tangu zamani. Kuna wa ofisini, ambao humpokea mteja, huandika barua na kutayarisha karatasi. Na kuna wa kortini, wale wa wigi na joho, ambao husimama mbele ya jaji. Wa kortini walikuwa na vyama vyao vikubwa vinavyoitwa Inns of Court, na Gray's Inn ni kimojawapo. Mteja wa kawaida alikutana na wa ofisini, akamlipa, huyo naye akamtafuta wa kortini, naye akalipwa. Kila mlango uliofunguka ulikuwa na mtu amenyoosha mkono.

Charles alikuwa chini ya hao wote. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua, kunakili hati, na kuandika kwenye daftari pesa ndogo ndogo zilizotumika. Lakini kijana alikuwa na macho. Aliwaigiza wateja na wakubwa wake mpaka makarani wenzake wakashika mbavu. Kwenye lile daftari la matumizi mna majina kama Weller na Bardell. Ukisoma riwaya yake ya kwanza utayakuta majina hayo hayo, yamepewa watu wa kubuni.

Si kila mtu angeona kazi ya kutumwa ni shule. Yeye alijifunza jambo ambalo wakili mkubwa hawezi kulijua vizuri: sura ya mteja akiwa bado yuko kwenye benchi la kungojea, kabla hajaitwa ndani.

Hata hivyo, hakutaka kuzeeka akibeba bahasha. Jioni alijifunza hati mkato, mfumo mgumu wa Gurney ambao uliwachukua wengi miaka. Leo ripota anabonyeza simu inarekodi. Wakati huo silaha yako ilikuwa mkono. Akaacha kazi mwishoni mwa 1828, na muda si mrefu akaanza kuandika kesi kama ripota wa kujitegemea kwenye korti za Doctors' Commons, karibu na kanisa kuu la St Paul's.

Doctors' Commons ilikuwa mahali pa ajabu. Humo zilisikizwa kesi za wosia, za ndoa na za meli, zote ndani ya uwanja mmoja, mbele ya kundi dogo la wanasheria waliojuana kama ndugu. Kwa mtu wa nje, ilionekana kama mchezo wa watu wa nyumba moja. Ripota kijana alikaa kwenye kiboksi chake akingoja apate kazi, na siku nyingi hakuipata. Alisota. Lakini alisikiliza.

Ripota na waziri mkuu

Kutoka hapo alipanda haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikuwa ndani ya mjengo, akiripoti Bunge la Uingereza. Mwaka 1834 akaajiriwa na gazeti la Morning Chronicle. Gazeti lilimtuma mikoani kuandika hotuba za kampeni, kisha akakimbia usiku kwa gari la farasi kurudi London, akiandika kwa mwanga wa taa huku matope yakimrukia. Wenzake walikubali kwamba kwa kasi na usahihi hakukuwa na wa kumpiku. Wakati huo huo alianza kuchapisha visa vifupi vya maisha ya mtaani London kwa jina la Boz. Kimojawapo kilikuwa kuhusu Doctors' Commons, na hakikuwa cha kuisifu.

Kisha ikaja Juni 22, 1836. Bwana George Norton alimshtaki waziri mkuu, Lord Melbourne, akidai amelala na mkewe, Caroline. Alitaka fidia ya pauni 10,000. Ndiyo, umesoma sawa: mume angeweza kumdai mwanamume mwingine pesa kwa sababu ya mke, kama vile unavyomdai mtu aliyekuharibia gari.

Korti ilifurika. Dickens, akiwa na miaka 24, aliandika kutwa nzima mpaka usiku. Ushahidi ulikuwa hafifu mno. Kulikuwa na vibarua vifupi vya Melbourne vilivyosema tu atapita saa ngapi, na mawakili wa Norton walijaribu kuvifanya vionekane vya mapenzi mazito. Jopo la wazee wa korti halikuhitaji hata kutoka nje kushauriana. Melbourne akashinda.

Na Caroline je? Hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Hakuwa na wakili. Kisheria hakuwa hata mhusika katika kesi iliyohusu jina lake. Baada ya hapo mumewe aliendelea kuwashikilia watoto, maana sheria iliwafanya mali ya baba. Caroline alishika kalamu akapigana, na mwaka 1839 Bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba kortini apewe watoto walio chini ya miaka saba. Mshike mwanamke huyu akilini. Tutarudi kwake.

Miezi michache baadaye, Dickens aliichukua ile siku akaigeuza kichekesho. Katika riwaya yake ya kwanza, The Pickwick Papers, mzee mpole Pickwick anashtakiwa na mwenye nyumba wake, Bi Bardell, kwamba alimwahidi ndoa. Ushahidi ni nini? Kibarua cha kuagiza nyama na mchuzi wa nyanya. Wakili anakisoma kibarua hicho kortini kwa sauti ya kilio mpaka mchuzi unageuka mapenzi. Pickwick anaamriwa kulipa pauni 750, anakataa, anaingia jela ya wadaiwa.

Uingereza nzima ilicheka. Riwaya ilitoka kidogo kidogo kila mwezi. Toleo la kwanza nakala 400 tu, lakini kufikia mwisho zilikuwa kama 40,000. Ila angalia kuna nini chini ya kicheko. Mawakili wa Bi Bardell walikuwa wamemwambia asijali gharama. Pickwick alipogoma kulipa, wakamgeukia mteja wao wenyewe, wakamtia ndani kwa deni la gharama zao. Mshtaki na mshtakiwa, wote jela moja. Ni mawakili peke yao waliokwenda nyumbani kula chakula cha jioni. Jambo hilo hulijui kwa kusoma vitabu vya sheria. Unalijua kwa kuwa karani.

Alishinda, akalipa

Unaweza kusema huyu alikuwa na chuki tu za utotoni. Basi sikia yaliyompata akiwa tajiri na maarufu.

Desemba 1843 alichapisha A Christmas Carol, kile kisa cha Scrooge. Nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi. Wiki chache baadaye, gazeti moja la bei rahisi likatoa kisa hicho hicho, maneno yamebadilishwa hapa na pale, na wenye gazeti wakadai kwamba wamekiboresha. Wizi mchana peupe.

Dickens alikwenda korti ya Chancery Januari 1844. Kesi ilikuwa wazi kiasi kwamba jaji alitoa amri ya kuwazuia bila kusita. Ushindi! Halafu wachapishaji hao wakatangaza kuwa wamefilisika. Hakupata fidia. Alichopata ni bili ya gharama zake mwenyewe, kama pauni 700, wakati faida aliyoiona mwanzoni kwenye kitabu chenyewe ilikuwa pauni 230 tu. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 1846 walipomwibia tena, aligoma kwenda kortini. Aliona ni heri kuibiwa na wezi kuliko kuhudumiwa na sheria.

Kumbuka huyu alikuwa mtu mwenye pesa, jina, na marafiki mawakili. Alikuwa hata amejiandikisha Middle Temple mwaka 1839 kama mwanafunzi wa uwakili, ingawa hakuwahi kuhitimu. Kama mwenye silaha zote hizo alitoka kortini mifuko imetoboka, mama wa mbogamboga angefanyaje?

Korti iliyokula urithi

Jibu lake lilikuja mwaka 1852. Riwaya inaitwa Bleak House, na mshtakiwa mkuu ndani yake si mtu. Ni Chancery yenyewe.

Ebu nikueleze Chancery ilikuwa nini. Sheria ya kawaida ya Uingereza ilikuwa ngumu kama jiwe, na mara nyingi ilimwacha mtu solemba. Chancery ilikuwepo ili kuleta usawa pale sheria ilipokwama: yatima ambaye mali yake iko mikononi mwa wadhamini, mjane, warithi wanaogombana kuhusu wosia. Yaani ilikuwa korti ya wanyonge.

Lakini angalia ilivyoendeshwa. Ushahidi haukutolewa kwa mdomo. Kila kitu kilikuwa karatasi. Ukitaka kuona karatasi za kesi yako mwenyewe, ulinunua nakala, na bei ilihesabiwa kwa idadi ya maneno. Sasa niambie, karani gani angeandika sentensi fupi? Kila mtu mwenye maslahi kwenye mali ilibidi aunganishwe kwenye kesi. Mmoja akifa, kesi husimama mpaka karatasi nyingine ziletwe kuifufua. Katika familia kubwa, kuna mwaka unaopita bila mtu kufa? Na gharama zilitolewa wapi? Kwenye mali ile ile inayogombewa.

Ndani ya Bleak House kuna kesi ya Jarndyce na Jarndyce, kuhusu wosia. Imedumu mpaka watu wanazaliwa ndani yake, wanaoana ndani yake na kufa ndani yake, na hakuna wakili aliye hai anayeielewa. Mzee mmoja wa kike huja kortini kila siku na mkoba wa karatasi, akili zimemtoka kwa kungoja hukumu. Mkulima mmoja aliyekuwa na haki yake anakufa kwa hasira. Kijana Richard, mwerevu, mcheshi, wa umri wako, anaanza kazi tatu na kuziacha zote, maana kwa nini uhangaike na urithi unakuja? Kisha siku moja wanasheria wanatoka kortini wakicheka. Kesi imekwisha. Si kwamba imeamuliwa. Gharama zimekula mali yote, hakuna kilichobaki cha kugombania.

Hapo ndipo kisu chake kilipo. Dickens hakusema kwamba mawakili ni wezi wanaovunja sheria. Alionyesha kwamba kila mmoja alifuata utaratibu, kila karatasi ilikuwa halali, na mwisho wake mtu amemalizwa. Wakili anayemnyonya Richard ni mtu wa heshima, ana binti watatu na baba mzee wa kulisha. Na hilo linatisha kuliko wizi.

Watu wa sheria walilalamika kwamba ametia chumvi. Naye, ripota wa zamani, akajibu kwa takwimu. Kwenye utangulizi wa kitabu alitaja kesi moja iliyokuwa Chancery karibu miaka 20, ambayo ilikuwa imekula pauni 70,000 na wakati mwingine kujaza korti kwa mawakili 30 hadi 40 kwa mpigo. Akataja nyingine iliyoanza kabla ya mwaka 1800 na ambayo ilikuwa imekula zaidi ya mara mbili ya hizo. Wasomi wengi huamini hiyo ya pili ni ya mali ya William Jennens, tajiri aliyekufa mwaka 1798 akiacha wosia usiotiwa sahihi.

Haki itendeke pia kwake na kwa wengine: hakuwa wa kwanza kulalamika. Magazeti yalikuwa yakipiga kelele, na Bunge lilipitisha sheria za kurekebisha Chancery mwaka ule ule wa 1852, riwaya ikiendelea kutoka. Wapo waliosema amefika wakati moto unazimwa. Lakini ripoti za kamati za Bunge zilisomwa na wachache. Bleak House iliuza zaidi ya nakala 30,000 kila mwezi, kwa shilingi moja kila toleo. Watu waliokuwa wakidhani wao ndio wajinga wasioelewa korti waligundua kwamba korti haikutaka kueleweka.

Alipokuwa yeye mwenye nguvu

Ningekuachia hapa ningekuwa nimekudanganya. Nilikuambia umshike Caroline Norton akilini.

Dickens alimwoa Catherine Hogarth mwaka 1836, miezi miwili na nusu kabla ya ile kesi. Wakapata watoto kumi. Mwaka 1858, akiwa amevutiwa na mwigizaji kijana aitwaye Ellen Ternan, aliachana na Catherine. Waliandikiana mkataba: mama apewe pauni 600 kwa mwaka na ahamie nyumba nyingine. Kitinda mimba wao alikuwa na miaka sita. Ni kifungua mimba peke yake aliyekwenda kuishi na mama. Wengine walibaki kwa baba.

Kisha Dickens akafanya jambo baya zaidi. Alikuwa na jarida lake, Household Words, ambalo lilikuwa limewatetea watu waliosahaulika jela na kortini. Akalitumia kuchapisha taarifa ya kujisafisha mbele ya umma. Catherine hakuwa na jarida. Hakujibu. Kabla ya kufa mwaka 1879 alimpa binti yake Kate barua za zamani za mumewe, akaomba ziwekwe British Museum ili dunia ijue kwamba kuna wakati alipendwa.

Kijana aliyekaa kwenye benchi la maripota akiandika kesi ya mwanamke asiyeruhusiwa kusema, ndiye huyo huyo, miaka 22 baadaye, aliyesema peke yake. Sikuambii haya ili umtupe. Nakuambia kwa sababu aliyoyaandika kuhusu nguvu yalimhusu hata yeye: mwenye karatasi, mwenye kalamu na mwenye sheria upande wake anaweza kumwumiza mtu bila kuvunja kanuni hata moja.

Baada yake

Dickens alikufa Juni 9, 1870, nyumbani kwake Gad's Hill, Kent, akiwa na miaka 58, riwaya nyingine mkononi haijaisha. Akazikwa Westminster Abbey. Marshalsea ilikuwa imefungwa tangu 1842. Doctors' Commons ilinyang'anywa kesi zake za wosia na ndoa kwa sheria za 1857. Kufunga watu kwa deni kuliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1869. Chancery yenyewe iliunganishwa na Mahakama Kuu mwaka 1875, haikuwa korti ya kujitegemea tena.

Je, haya yanakuhusu nini wewe uliye Nairobi, Nakuru au Mombasa? Fungua Sheria ya Mahakama ya Kenya, ile Sura ya 8. Kifungu cha 3 kinasema korti zetu zitafuata, pamoja na Katiba na sheria zetu, misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza na kanuni za usawa, kama zilivyokuwa Agosti 12, 1897. Hizo kanuni za usawa zilipikwa Chancery. Na ile jela ya wadaiwa? Sheria yetu ya kesi za madai bado inaruhusu mdaiwa apelekwe jela, ingawa kwa masharti, baada ya kuitwa kortini ajieleze. Si historia ya wazungu tu hii.

Kwa hivyo ukipewa karatasi ya korti usiyoielewa, usijione mjinga. Uliza inamaanisha nini. Uliza gharama zinatoka wapi na nani analipa mkishindwa, na nani analipa mkishinda. Hayo ndiyo maswali ambayo karani wa miaka 15 aliona wateja wakiogopa kuyauliza.

Jambo la mwisho. Siri ya kile kiwanda na ya Marshalsea hakuwahi kuwafungulia watoto wake. Alimpa rafiki yake John Forster maandishi machache, na Forster akayatoa kwenye kitabu cha maisha yake baada ya mazishi. Ndipo watoto wake, pamoja na Uingereza nzima, wakajua kwamba yule mzee maarufu aliwahi kusimama mbele ya mthamini, saa ya nyanyake ikigonga mfukoni, akiomba nguo zake zisionekane za bei.